Mashua ya Kuvulia Omena Usiku

Sindo ni mji mdogo ulioko ukingoni mwa Ziwa Victoria, kusini ya Mbita, katika Kaunti ya Homa Bay nchini Kenya. Mtu asimamaye ufukoni hapo usiku wa giza huona taa nyingi mbali majini, kana kwamba uko mji mwingine ziwani. Hizo ni taa za wavuvi wa omena, yule samaki mdogo aitwaye dagaa katika Tanzania na mukene katika Uganda. Kazi hiyo hufanywa usiku usio na mbalamwezi, kwani mwezi ukiwa mpevu nuru ya taa haina nguvu ya kuwavuta samaki. Nyumba nyingi hupata chakula na karo ya shule kwa kazi hiyo. Lakini katika vitu vyote vitakiwavyo, hakuna kinachostahili kufikiriwa kwa makini kuliko mashua yenyewe.

Mashua nyingi za huko ni za namna iitwayo Sese, jina lililotoka katika visiwa vya Sese vya Uganda. Huundwa kwa mbao zilizopigiliwa juu ya mkuku na mataruma. Anunuaye mashua yake ya kwanza hutamani chombo chepesi kisichozama sana, na tamaa hiyo ina sababu. Ufukoni hakuna gati, na chombo hupandishwa mchangani kwa nguvu za watu. Tena ubao wa juu ukiwa karibu na maji, wavu huvutwa ndani kwa taabu ndogo.

Walakini wema huo ndio hatari yake. Wakati wa kuvuta wavu, wavuvi husimama upande mmoja, na uzito wa wavu na samaki huwa upande huo huo. Mashua nyembamba hulala ubavu, na ikiwa ubao wake ni mfupi, maji huingia kabla mtu hajapata kusema neno. Basi yafaa kuchagua mashua yenye tumbo pana, ili isilale upesi, na yenye ubavu wa kutosha juu ya maji. Njia ya kuijaribu ni rahisi. Kabla ya kulipa fedha, mashua na itiwe majini karibu na ufuko, ipakiwe magunia ya mchanga kadiri ya shehena yake, kisha watu wanne wasimame upande mmoja. Ndipo mnunuzi atazame ubao uliobaki juu ya maji. Na ikae majini siku nzima, ili ionekane kama inavuja.

Jambo la pili ni hali ya ziwa. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Pepo za pande zote zikikutana juu ya maji yenye vuguvugu, hewa hupanda na kufanya mawingu ya mvua na radi. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za Ziwa Victoria huzuka usiku na alfajiri, saa zile ambazo mashua ya omena iko mbali na nyumbani, na pengine imekwisha kujaa.

Wahenga walisema, chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Makasia yawe na ya akiba. Kata ya kukumbia maji ifungwe kwa kamba, isipotee. Nanga na kamba yake viwe imara. Madumu matupu yenye vifuniko vya kukaza yafungwe chini ya mbao za kukalia, ili mashua ikijaa maji iendelee kuelea. Karabai za mafuta ya taa, au zile taa za betri zilizoenea siku hizi, huwekwa juu ya vielezo majini. Vielezo hivyo viwe na mahali pake ndani ya mashua, visizuie miguu ya watu. Na kila mtu awe na koti lake la kuokolea, alivae, asilikalie.

Katika Kenya uvuvi wa omena umewekewa miezi ya kufungwa, tangu Aprili mpaka Julai. Huo ndio wakati mwema wa kugeuza mashua, kung'oa misumari iliyoliwa na kutu, na kutia kalafati upya.

Mara nyingi mwenye mashua halali majini. Hulala nyumbani, na vijana alioajiri hutoka kwa kugawana mapato ya samaki. Kwa hiyo apunguzapo bei ya mbao, hapunguzi hatari yake mwenyewe. Huongeza ya wengine. Mashua ambayo mwenyewe haogopi kuipanda usiku wa upepo, hiyo ndiyo ya kuwapa watoto wa wenziwe.