Faida na Taabu za Kutunga Hadithi za Ajabu

Msimulizi wa hadithi katika vijiji vyetu vya Handeni na Korogwe hasemi peke yake. Akianza, "Hadithi, hadithi," wasikilizaji humjibu, "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea." Jibu hilo ni fupi, lakini ndilo linalompa ruhusa. Wao wenyewe wameuita uwongo uje. Basi sungura akinena au mti ukitembea, hakuna wa kumshitaki. Lakini mtu aketiye mezani na kalamu yake, akatunga habari za mambo yasiyokuwapo, hana wa kumwitikia. Msomaji yu mbali, hajatoa ruhusa yo yote, na swali lake la kwanza ni hili: Je, haya ni kweli? Naona taabu nyingi za kazi hii, na furaha zake pia, hutoka katika neno hilo moja.

Mimi ni mwalimu, na jioni, nikiisha kusahihisha madaftari, hutunga hadithi za namna hii. Mojawapo ni habari za mto Pangani, ambao huku kwetu wengi huuita Ruvu. Katika hadithi hiyo mto unachoka kupita Korogwe kila siku, na usiku mmoja unaacha njia yake, ukashika safari ya Handeni, kwenda kuwaona watu ambao wakati wa kiangazi huhesabu maji kwa dumu. Ni mwendo wa kilometa 65 hivi kwa barabara, tena Handeni iko juu kuliko Korogwe, na kila mtoto anajua kwamba maji hayapandi. Basi kabla ya kuandika neno la kwanza ilinipasa kujua: mto hupanda kwa nguvu gani? Samaki huenda nao, au hubaki matopeni? Nikakata shauri kwamba mto hupanda kwa kuitwa. Mwenye kiu akiuita, husogea hatua moja; akinyamaza, husimama; na wote wakilala, hurudi nyuma. Sheria hiyo ikiisha kuwekwa, hata mtunzi hana ruhusa ya kuivunja. Ikawa hapana budi watu wa Handeni wakeshe, wazee kwa watoto, wakipokezana kuita.

Wako wadhanio kwamba kutunga mambo ya ajabu ni kazi rahisi, maana mtunzi hafungwi na kweli. Mimi naona amefungwa zaidi. Aandikaye habari za soko la Korogwe husaidiwa na msomaji, ambaye amekwisha kuliona. Lakini aandikaye habari za mto unaotembea lazima alete kila kitu mwenyewe, na kimoja kikikosekana, msomaji hufunga kitabu.

Waliotutangulia walilijua jambo hili. Abdallah bin Hemedi, aliyeandika Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa na misheni ya Magila, alisimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu, ambaye meno ya juu yalimtangulia kuota, naye akawa mtawala wa Usambara. Mna mengi ya kustaajabisha humo, lakini msomaji huyapokea, kwa sababu nyama ya nguruwe-mwitu, mbwa wa kuwindia na njia za milimani ni vitu anavyovijua.

Naye Shaaban Robert, mwenzetu wa Tanga, alitoa Kusadikika katika mwaka 1951, wakati Waingereza walipokuwa wakiitawala nchi hii. Nchi ya Kusadikika iko angani. Wajumbe wake sita walitumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, na kila aliyerudi na jambo la manufaa alitiwa kifungoni. Msomaji haulizi nchi hiyo inashikwa na nini isianguke, maana anatazama baraza, mshitaki na mshitakiwa, na mambo hayo anayajua sana. Lakini mtunzi huyo huyo hakuiona Kufikirika ikiwa kitabu. Ilitoka katika mwaka 1967, naye alikuwa amekufa tangu mwaka 1962. Ikiwa fundi kama yule alingojeshwa, sisi wanafunzi wake tusione ajabu.

Mimi nami nimengojeshwa. Mpiga chapa mmoja alinirudishia hadithi zangu, akasema Kiswahili chake ni kizuri, lakini shule hununua vitabu vya mitihani tu. Jirani mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyenifundisha mambo ya mito kutembea, nami nikafahamu kwamba alikuwa akiwaza uganga. Mwingine, mtu msomi, alinisihi nimwambie mto ule ni mkubwa gani wa serikali. Nilimjibu kwamba mto ni mto, asiniamini.

Lakini siku niliyowasomea watoto hadithi ile, msichana mmoja, ambaye mama yake ni mtu wa Korogwe, aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, na watu wa kwa mama watakunywa nini?" Hakuuliza kama ni kweli. Alikuwa amekwisha kuingia ndani, naye alikuwa akiwatetea ndugu zake. Juma lililofuata akaniletea karatasi mbili alizoziandika mwenyewe, wala hakuna aliyemwagiza: watu wa Korogwe nao walikuwa wameanza kuuita mto, ukasimama katikati ya njia hali ukitetemeka, hata wazee wa pande mbili wakakutana kugawana siku za kuita. Maji ya mto huo hasa huvutwa kwa mabomba kutoka upande wa Korogwe hadi Handeni, na maneno ya nani apate kiasi gani hayatakwisha upesi. Mtoto huyo ameyafikiri mapema, naye hajaketi katika baraza lo lote.

Kwa hiyo, ndugu waalimu, mnapowapa watoto insha, msiwaambie kila mara waandike habari za safari ya Tanga. Waambieni waandike habari za Handeni miaka 100 ijayo, kisha waulizeni maswali magumu: maji yatoka wapi, nani analima, nani anaamua? Wengi wataandika upuuzi, nanyi mtachoka kusahihisha. Wachache watajibu. Na hao watakapokuwa watu wazima, kesho haitakuwa nchi ngeni kwao.