Herufi Moja Tu

Wahenga walinena, tamaa mbele, mauti nyuma. Mimi sikufa, lakini yaliyonipata Keroka, pale Kisii inapopakana na Nyamira, sitayasahau.

Nilikuwa bado shule ya msingi. Nyanya aliuza ndizi, akanipa shilingi 100 nikanunue mafuta ya taa, kwani kesho yake tulikuwa na mtihani. Dukani nikaona bango: kila peremende ina herufi ndani ya karatasi yake, na anayekusanya herufi zote za neno SHINDA anapewa begi la shule. Mimi vitabu vyangu nilivibeba kwa gunia la unga! Nikasema moyoni, lo, bahati ndiyo hii.

Nilinunua moja, nikapata S. Nyingine, H. Nyingine tena, S. Switi zilikuwa shilingi 5 kila moja. Nilipomaliza ya ishirini, ulimi ulikuwa mwekundu, mfuko mtupu, na sikuwa na N.

Jioni tuliketi kando ya meko, kibatari kikavu. Nyanya hakunichapa. Alizitazama karatasi nilizozipanga chini, akauliza, "Mjukuu wangu, zinasema nini?"

Nikasoma: "Shida."

Akacheka mpaka akapangusa machozi. "Hiyo si tulikuwa nayo hata kabla ya switi?"

Majuzi, nikisoma maktabani, nilijua kuwa mchezo huu ni wa zamani. Huko Japani, Ezaki Riichi alianza kuuza karameli za Glico mwaka 1922, na katika miaka hiyo ya 1920 akaanza kuzitia pamoja na vitu vidogo vya kuchezea. Kampuni ya Morinaga nayo huchapa picha ya malaika kwenye mdomo wa baadhi ya vikasha vya Chocoball. Malaika mmoja wa dhahabu, au watano wa fedha, hukupatia mkebe wa vitu vya kuchezea.

Ndugu msomaji, umeona tofauti? Mtoto wa Glico alinunua akapewa. Wa malaika hununua akangoja, kama mimi. Ile ya kwanza ni zawadi. Hii ya pili ni bahati nasibu iliyopakwa sukari.

Basi ukiona bango, jiulize kwanza: ni kila mtu atakayepata, ama ni wachache? Na ukitumwa mafuta, bwana, nunua mafuta.

Mtihani je? Huo usiniulize.