Land Rover ya baba yapandisha tena Mto wa Mbu

Ukitaka kujua kwa nini Land Rover hazifi Arusha, ingia Unga Limited siku ya kazi. Kabla hujaliona gari utasikia nyundo, kisha mashine ya kuchomelea, kisha sauti ya fundi akimwita kijana wake alete spana. Magari ambayo kwingine yangekuwa banda la kuku, hapa yanasubiri zamu.

Nililofuatana nalo ni pikapu ya 109, Series III, aina iliyotengenezwa Uingereza kati ya 1971 na 1985. Aliyelinunua, mzee mmoja wa Karatu, ametangulia mbele ya haki. Ameacha mjane, watoto watatu, shamba la mahindi na gari hilo. Mtoto wa kwanza alitaka liuzwe kama chuma chakavu. Wa mwisho akasema, "Kaka, hilo ndilo lililotusomesha." Mama akakata shauri: fahali wawili wauzwe, gari litengenezwe, ila ada za wajukuu zisiguswe.

Tatizo lilikuwa injini. Ile ya zamani, ya petroli, lita 2.25, inatumia kabureta. Kabureta huchanganya hewa na mafuta kwa kipimo alichokifunga fundi, nayo haijui kama uko bondeni au mlimani. Mto wa Mbu uko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa Ngorongoro unapita mita 2,200. Unavyopanda hewa inapungua, lakini kabureta inaendelea kumimina mafuta yaleyale. Gari linatoa moshi mweusi, linakohoa na kuishiwa nguvu.

Familia ikachagua injini ya mtumba ya Toyota, 3RZ-FE, lita 2.7, iliyowahi kufungwa kwenye Hilux na Prado. Hii ina nozeli na kompyuta. Sensa zinapima hewa inayoingia na joto la injini, kompyuta inaamua mafuta kiasi gani. Nguvu yake ni karibu mara mbili ya ile ya zamani.

Wengi hudhani kazi ni kutoa injini moja na kuweka nyingine. Fundi alinionyesha mengine. Vishikizo vya injini vilichomelewa upya kwenye chesisi. Bamba la kuunganisha injini na gia boksi lilichongwa kwa fundi wa kukereza. Pampu ya zamani ikawekwa kando, kwa sababu nozeli zinahitaji mafuta yenye msukumo mkubwa zaidi. Ikafungwa pampu ya umeme, na bomba la kurudisha mafuta tangini. Fundi umeme ndiye aliyekaa siku nyingi kuliko wote, akifuata waya mmoja mmoja. "Mama, injini bila kompyuta yake na waya zake usinunue," alisema. "Hiyo ni mzigo wa chuma tu."

Injini ilipowaka, vijana walishangilia na kutaka kuondoka siku hiyohiyo. Mama yao akauliza kuhusu breki. Zilikuwa zilezile za tangu enzi za mzee, magurudumu yote manne ya dramu, na silinda mbili zinavuja. Pesa ilikuwa imebaki kidogo. Vijana walisema zitatengenezwa baada ya mavuno.

"Kukimbia limeshajua," mama akajibu. "Sasa lijue kusimama. Wajukuu zangu hawapandi kabla ya hapo."

Gari likakaa gereji wiki mbili zaidi.

Tuliondoka Arusha asubuhi, tukapita Kisongo, tukakata kulia Makuyuni. Pale Mto wa Mbu barabara inapoanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa, kijana aliingiza gia ya tatu akatulia. Hakuna kukohoa, hakuna moshi. Chini yetu Ziwa Manyara liling'aa kama sahani ya bati, nyani wamekaa kando ya lami. Hakukanyaga kwa fujo; fundi alikuwa amemwonya kuwa gia boksi na shafti za zamani hazikuumbwa kwa nguvu hiyo.

Mzazi mwenye gari la urithi nyumbani ana la kujifunza kwa mama huyu. Bajeti ya injini iwe na fungu la breki, rejeta na waya tangu siku ya kwanza. Dai risiti ya injini, kisha kabadilishe taarifa kwenye kadi ya gari, maana namba ya injini imeandikwa humo. Na hata gari likipona kabisa, nyuma ya pikapu ni mahali pa magunia, si pa watoto.

Karatu tulifika mchana. Mama alilizunguka gari mara moja, akainama kutazama chini ya magurudumu kama kuna tone. Palikuwa pakavu. Akawaita wajukuu wakae mbele.