Kiwanja cha Maskini

Mhariri ameniomba mimi mwanafunzi wa zamani niandike jambo nililojifunza tangu kutoka shuleni. Wenzangu huandika habari za kazi zao na safari za ng'ambo. Mimi nitaandika habari ya orodha ya majina 14.

Mwaka 1989 nilikuwa karani katika kiwanda kimoja mjini Jinja. Siku hizo mshahara wa mtu wa mashine ulikwisha kabla ya wiki ya pili. Basi asubuhi moja wafanyakazi waliacha mashine, wakakusanyika chini ya mwembe nje ya lango. Sisi makarani hatukutoka. Tulivaa tai, tukajiona watu wa namna nyingine, ingawa njaa ilikuwa ile ile. Mkubwa wangu akanipa karatasi, akaniweka dirishani, akaniambia niandike jina la kila atakayesimama kusema. Nikaandika. Mmoja wao nilikuwa nimelala naye bweni moja katika shule hii. Aliponiona dirishani alinipungia mkono, nami nikampungia.

Siku ya tatu walirudi kazini wote, isipokuwa wale 14.

Mwisho wa mwezi nilikwenda nyumbani Tororo, nikamsimulia baba mambo hayo kama mtu anayesimulia mchezo wa mpira. Baba alikuwa mzee wa reli, mtu wa maneno machache. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama nimepata kusikia habari za Kiwanja cha Maskini. Sikupata kusikia. Historia ya shuleni ilitufikisha kwa Bismarck, haikutufikisha Mombasa.

Basi akanieleza. Tarehe 13 Januari 1947 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma, na watu wa reli pamoja nao. Wakati ule baba alikuwa kijana, hajaingia bado kazi ya reli. Alikuwa boi katika nyumba ya Mzungu. Kuli akiacha mzigo bandarini, mji mzima waona. Boi akiacha sahani bila kuziosha, nani atajua? Walakini maboi nao walitoka, na watumishi wa hoteli, hata wagomaji wakapita 15,000, na mji ukasimama karibu siku 12. Kila siku walikutana katika uwanja wa mpira huko Majengo, nao ndio walioupa jina lile. Mluo alisimama bega kwa bega na Mkamba na Mkikuyu na watu wa pwani, na Kiswahili kikawatosha wote.

Hotuba zenyewe baba hakuzikumbuka sana. Alichokumbuka ni mama mmoja muuza mbaazi, aliyekuja kila jioni na sufuria kichwani, akiwapakulia watu wasiokuwa na hata senti moja, akisema watamlipa mgomo ukiisha. Mama huyo hakuwa na bwana wa kumgomea, wala nyongeza ya mshahara isingemfikia.

“Walimlipa?” nikauliza.

“Mimi nilimlipa,” baba akajibu.

Mwisho wake Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, alifika akawasihi warudi kazini, na Serikali ikaahidi kuchunguza mambo yao. Wakarudi. Nyongeza ilipatikana, ingawa si yote waliyoitaka. Lakini Chege Kibachia, aliyekiongoza chama cha wafanyakazi hao mwaka ule, alikamatwa mwezi wa Agosti, akapelekwa Kabarnet, akazuiliwa huko miaka 10 hivi. Alikuwa kijana aliyesoma Alliance.

“Yule naye alikuwa na kalamu,” baba akasema. “Kama wewe.” Hakuongeza neno, akaenda kulala.

Alfajiri aliniamsha. Mlangoni palikuwa na gunia la unga, ambalo sijui alilipataje usiku ule. Akaniambia nimpelekee mwenzangu wa bweni.

Nilimkuta mke wake peke yake na watoto wawili. Mume alikuwa amekwenda Iganga kutafuta kibarua. Nilitua gunia nikataka kuondoka, lakini akanishika mkono, akaniuliza jina ili amwambie mumewe nani aliyewakumbuka. Nikamtajia. Mama yule alifurahi sana.

“Kumbe ndiye wewe!” akasema. “Amenisimulia habari zako. Anasema siku ile ya mkutano makarani wote walijificha, ila wewe peke yako ulisimama dirishani, ukawapungia.”

Nikamwambia ndiyo, ni mimi. Chai aliyonipa niliinywa.

Yule bwana nimekutana naye mara nyingi tangu siku ile, hata katika karamu za wanafunzi wa zamani, na kila mara huwaambia watu habari ya dirisha na gunia la unga. Gazeti hili hulipata kila mwaka, nalo hulisoma lote, hata matokeo ya michezo.