Linki Peke Yake Hainitoshi Tena

Saiba yangu iko karibu na soko la Isiolo, na kazi zake ni zile zile za kila saiba Kenya: PIN ya kodi ya KRA, mkopo wa masomo wa HELB, cheti cha tabia njema, kupiga chapa na kutoa nakala. Zamani ukiniuliza habari fulani iko wapi, ningekutumia linki kwa WhatsApp, basi, tumemalizana. Aliyenigeuza ni mzee mmoja kutoka Garba Tulla.

Alikuja na mjukuu wake wa sekondari. Alitaka kuona yaliyoandikwa kuhusu vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, wakati watu wa huku walipofungiwa kambini Garba Tulla, Merti na kwingineko, mifugo ikaangamia. "Kijana wangu, watu wetu walisema mbele ya tume," akaniambia. "Sasa maneno yao yako wapi?"

Tume aliyoitaja ni ile ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyomkabidhi Rais Uhuru Kenyatta ripoti yake Mei 2013. Mjukuu alikuwa na kijitabu cha semina chenye anwani ya ripoti hiyo. Niliiandika herufi kwa herufi, ikatoka 404, yaani ukurasa haupo. Nikafuata nyingine kutoka makala ya zamani, ikatupeleka kwenye ukurasa wa kamari. Mzee akadhani bando limeniishia.

Tuliipata hatimaye katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha Seattle, Marekani, anakofundisha sheria Ronald Slye, aliyekuwa mmoja wa makamishna. Hebu fikiria: mambo ya Garba Tulla, yafuatwe Seattle! Nilipakua mabuku yote, nikampigia chapa sehemu ya vita vya Shifta, naye akamwamuru mjukuu asome kwa sauti pale pale, wateja wengine wakisubiri PIN zao.

Tangu hapo nikataka kujua linki hufa kwa nini. Kumbe wavuti yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya nyaraka kupotea. Machi 1989, Tim Berners-Lee alikuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva. Watafiti waliingia na kutoka, wakaondoka na habari vichwani. Akapendekeza nyaraka zifungamanishwe kwa viungo. Ted Nelson, Mmarekani aliyelitamka wazo hilo katika miaka ya 1960, alitaka kiungo kiwe cha pande mbili, kila ukurasa ujue nani anauelekea. Berners-Lee aliacha sharti hilo: unaunga bila kuomba ruhusa, na unayemuunga hana habari. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikaiachia dunia nzima teknolojia hiyo bure. Kwa maoni yangu alifanya vyema, maana ingekuwa ni kuombana ruhusa, wavuti isingefika Isiolo. Ila gharama yake ni kwamba mwenye ukurasa akihama, au asipolipia jina la tovuti, linki zote zinazomwelekea hubaki zikionyesha kiwanja kitupu. Utafiti wa Pew wa 2024 uligundua kuwa asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo 2013 hazikufunguka tena miaka kumi baadaye.

Sasa limekuja jingine. Wanafunzi wanaiuliza akili unde, inawapa aya tatu safi kuhusu Shifta, wengi hawaangalii imetoa wapi. Hilo linanisumbua kuliko 404, kwa sababu 404 angalau hukuambia kuna kitu kimekosekana. Na kwa ripoti hii chanzo kina uzito wake: makamishna watatu wa kigeni walikataa kutia saini sura ya ardhi baada ya kubadilishwa, na kauli yao ya kupinga haikuingizwa katika ripoti rasmi. Aya tatu safi zinaweza kukupitisha juu ya ugomvi huo usijue ulikuwapo.

Kwa hiyo pale kwangu ukitaka nikuchapishie kazi ya shule, nitakuuliza jina la waraka, buku, ukurasa na siku uliyousoma. Linki iwe chini yake. Ukurasa wenyewe tunauhifadhi pia kwa Internet Archive, ile maktaba ya San Francisco inayotunza kurasa tangu 1996, na nakala ya PDF inabaki kwenye flashi ya mwanafunzi. Vijana wananung'unika kwamba nawachelewesha. Wanajua saiba nyingine iko ng'ambo ya barabara.