Haukuwa Mchanga

Watu wengi nimewaambia kwamba mchanga ndio ulioniangusha. Nilimwambia mwenye pikipiki, nikawaambia wenzangu wa kijiweni Kyamyorwa, na kabla yao wote nilimwambia mama abiria wangu mwenyewe, akiwa bado kakaa chini kashika mguu. Siku ile palikuwa pakavu, udongo umeshindiliwa kama sakafu. Mchanga haukuwapo.

Nilimpakia njia panda, pale barabara ya Chato inapokutana na ile inayotoka Biharamulo kwenda Bukoba. Alikuwa na gunia lenye debe tatu za mahindi. Nililifunga kwenye keria kwa mipira, yeye akakaa katikati. Kwenye lami tulikwenda vizuri. Tulipoingia njia ya kijijini, mimi na soga zangu nikapitiliza kwake.

"Umenipitisha, mwanangu."

Mwenye akili angesimama, akamshusha, akageuza pikipiki bila abiria. Lakini kibarazani pa duka walikaa vijana wanne, wote waendesha bodaboda, nami nina miaka sita kazini. Nikakata kona palepale mlimani, njia nyembamba, usukani umekunjwa hadi mwisho.

Nilikosea mara tatu kwa mpigo. Nilibana klachi yote, gurudumu la nyuma likakosa nguvu ya kutusukuma. Nikautazama mfereji badala ya kutazama ninakokwenda. Nilipoona mfereji unanijia, vidole viwili vikabana breki ya mbele. Pikipiki ile peke yake inapita kilo 100. Jumlisha mimi, mama na gunia, tunakaribia 300. Usukani ukiwa umekunjwa, breki ya mbele huutupa uzito wote huo upande mmoja. Nilitoa mguu kuuzuia. Ulikuwa upande wa bondeni, ukaitafuta ardhi usiikute. Tukaanguka kwa mwendo wa mtu anayetembea, na ekzosi ikamlalia mama kwenye shavu la mguu.

"Pole, mwanangu," akaniambia yeye.

"Ni mchanga huu, mama, waitu," nikajibu.

Mama mmoja alitoka dukani na dawa ya meno, akampaka. Nilijua kwamba jeraha la moto linataka maji safi ya kumwagiwa kwa dakika 20, lakini sikuthubutu kusema. Niliogopa wangeanza kuniuliza maswali.

Kijiweni tunaonyana juu ya mwendo kasi tu. Kumbe pikipiki ikishachanganya mwendo hujisimamisha yenyewe kwa kiasi kikubwa. Kasi ikipungua, msaada huo unakwisha na dereva ndiye anayebaki kuishikilia. Mimi niliisoma "Kawia ufike" kwenye mabasi nikadhani kukawia hakuhitaji ufundi.

Jumamosi mbili nilikwenda uwanja wa shule alfajiri, nikapanga mawe, nikaanza upya kama mwanafunzi. Klachi nusu, resi ndogo isiyoyumba. Mguu wa kulia unaigusa breki ya nyuma kwa mbali. Vidole viko mbali na breki ya mbele. Shingo inageuka kwanza, usukani unafuata. Nilipoweza kuzunguka bila kushusha mguu, nikafunga gunia nyuma, nikaona jinsi mbele kunavyokuwa kwepesi na usukani unavyocheza. Gunia nililijaza mchanga. Sasa ulikuwapo kweli.

Kovu la mama lina upana wa vidole viwili. Kila anayemuuliza humwambia njia ile ina mchanga mbaya, kijana wa watu hakuwa na kosa. Kila nikisikia hivyo, chakula kinanikwama. Mwezi uliopita nikamfuata nyumbani, nikamkuta anapukuchua mahindi, nikamweleza yote: klachi, mfereji, vidole, na wale vijana wa kibarazani.

Hakuacha kupukuchua. "Nilikuwa nyuma yako. Niliona."

"Mbona basi unawaambia watu ni mchanga?"

"Ningewaambia nilichokiona," akasema, "nani angepanda nawe tena?"