Andika Jina Nyuma ya Picha

Mimi ni seremala. Ninaishi Ndanda, katika Wilaya ya Masasi, Mkoa wa Mtwara. Ukitoka Lindi kwenda Masasi, utapita kwetu. Upande mmoja wa barabara utaona ukingo mrefu wa milima. Huo ndio mwanzo wa uwanda wa juu wa Makonde. Maji yanateremka kutoka huko, na kwa hiyo Ndanda ina miti mingi na bustani. Wamisionari Wabenediktini walihamia hapa mwaka 1906. Siku hizi watu wengi wanaijua Ndanda kwa sababu ya hospitali na shule zake.

Kazi yangu ni kuranda mbao. Pia nina shamba la mikorosho na mihogo. Lakini tangu mwaka 1979 nina kazi nyingine, ambayo sifanyi kwa ajili ya fedha. Ninapiga picha.

KAMERA YANGU

Mwaka ule niliuza korosho. Mwalimu mmoja alikuwa anahama, akaniuzia kamera yake ya zamani. Mke wangu alinuna siku mbili. Alitaka tununue mabati. Siku ya tatu nilimpiga picha akiwa amembeba mtoto wetu wa kwanza. Picha ilipokuja, aliiweka ukutani. Hakusema tena habari ya mabati mpaka mwaka uliofuata.

Filamu moja ilikuwa na picha 12 tu. Miaka ile filamu zilikuwa adimu. Kwa hiyo sikupiga ovyo. Nilitazama kwanza, nikafikiri, kisha nikapiga. Filamu ikiisha, niliipeleka posta iende Dar es Salaam kusafishwa. Nilingoja mwezi mzima, na mara nyingine zaidi. Filamu mpya niliziweka karibu na mtungi wa maji, mahali penye ubaridi, maana joto huziharibu.

Nyumbani tulikuwa na mbwa jina lake Sijali. Mbwa huyu alinisaidia sana. Watu wakisimama mbele ya kamera hukaza uso kama wapo mahakamani. Sijali alikuwa akija na kulala katikati yao. Watoto walicheka, na wazazi walicheka. Hapo ndipo nilipopiga. Tulikuwa pia na paka. Huyo hakukubali kupigwa picha hata mara moja. Nina picha tatu za mkia wake.

MAMA NA PENSELI

Mama yangu hakwenda shule alipokuwa mtoto. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baadaye madarasa yalianza kila mahali. Mama alisoma jioni chini ya mwembe, pamoja na wenzake. Mwaka 1975 ulipofanyika mtihani wa taifa wa kusoma na kuandika, na yeye alikuwemo.

Mama alitafuta kila nafasi ya kuandika. Picha zilipofika kutoka Dar es Salaam, alizichukua moja moja. Alizigeuza na kuandika nyuma kwa penseli: jina la mtu, mahali na mwaka. Aliandika polepole, akitamka kila silabi. Hata nyuma ya picha ya mbwa aliandika: "Sijali. Ndanda. 1981."

Mimi nilimcheka. Nikamwambia, "Mama, huyu si tunamjua?"

Akajibu, "Wewe unamjua. Je, mjukuu wako atamjua?"

SAFARI YA NEWALA

Mwaka 1984 Mama alitaka kwenda Newala kuwaona ndugu zake. Alisema nichukue kamera. Tulifuatana na mwanangu mkubwa, aliyekuwa na miaka sita. Sijali alibaki na mke wangu, akalia mpaka gari lilipoondoka.

Kwanza tulifika Masasi. Mji huu uko kati ya majabali makubwa sana. Ukiyaona kwa mbali asubuhi, utadhani ni tembo wamelala. Mwaka 1876 wamisionari Waingereza waliwaleta hapa watu waliokombolewa kutoka utumwani, wakaanza maisha mapya chini ya majabali hayo. Nilipiga picha moja. Zilibaki 11.

Kutoka Masasi gari lilianza kupanda. Barabara ilikuwa ya mchanga. Tulishuka mara mbili kusukuma. Huko juu nchi ni tofauti na Ndanda. Kuna mikorosho na mihogo, lakini mito hakuna. Zamani wanawake walishuka mabondeni kuteka maji, wakapanda tena na mitungi kichwani. Tangu zamani maji ndiyo shida kubwa ya watu wa huko.

Newala ilitupokea kwa ubaridi na ukungu. Asubuhi ndugu zetu walitupeleka Shimo la Mungu. Hapo uwanda unakatika ghafla. Chini unaona bonde kubwa, na mbali unaona nchi ya Mto Ruvuma. Ng'ambo yake ni Msumbiji. Mwanangu alinishika mkono asiuachie. Nilipiga picha mbili.

BIBI ANAKATAA

Mchana tulikwenda kwa Bibi. Huyu alikuwa dada wa mama yake Mama. Alikuwa mzee sana. Usoni alikuwa na chale, na mdomo wa juu ulikuwa na ndonya, kama wanawake wa Kimakonde wa zamani. Tulimwamkia, "Shikamoo Bibi." Akaitika, "Marahaba, wajukuu zangu." Alifurahi sana.

Lakini alipoiona kamera, alikunja uso.

"Wewe mjukuu wangu," alisema, "unataka kuchukua kivuli changu. Utakipeleka wapi? Wakikiona watu wasionijua, watasema ni kivuli cha nani?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kuifunga kamera. Mama akafungua mkoba wake, akatoa picha ya mke wangu na mtoto. Akaigeuza, akamsomea Bibi maneno ya nyuma. Bibi akaichukua. Hakujua kusoma, lakini aliipitisha kidole juu ya maandishi.

"Nani aliandika?"

"Mimi," Mama alisema.

Bibi alinyamaza. Kisha akasema, "Basi andika jina langu lote. Andika na jina la mama yangu. Usimsahau."

Akajifunga kanga vizuri. Akakaa mlangoni, akanitazama. Nilipiga picha mbili tu. Nilikuwa na filamu ya kutosha, lakini niliona zimetosha.

PICHA ZA MGENI

Baadaye mtu mmoja alinionyesha kitabu cha Mjerumani aliyeitwa Karl Weule. Alitoka katika makumbusho ya mji wa Leipzig. Alifika Masasi na Newala mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya Vita vya Maji Maji kuanza. Alibeba kamera, chombo cha kupiga sinema na chombo cha kunasa sauti. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1908.

Niliangalia picha zile kwa makini. Ni picha nzuri. Wakubwa wachache, kama Matola na Nakaam, wametajwa majina. Lakini wanawake wengi wametajwa kwa kabila tu: mwanamke wa Kimakonde, wanawake wa Kimakua. Labda mmoja wao ni ndugu wa bibi yangu. Labda ni bibi yako wewe, ndugu msomaji. Hatutajua. Hapo ndipo nilipoyaelewa maneno ya Bibi.

WAGENI KUTOKA DAR ES SALAAM

Miaka ilipita. Bibi alifariki, kisha Mama naye akafariki. Sijali tulimzika chini ya mkorosho. Picha niliziweka ndani ya kopo la biskuti, juu ya dari.

Mwaka 2019 wasichana wawili walikuja kwangu kutoka Dar es Salaam. Walikuwa wa uzao wa Bibi. Mmoja alikuwa mjamzito. Walisema, "Babu, tumesikia una picha."

Niliteremsha kopo. Picha zilikuwa zaidi ya 300. Za miaka ya Mama zilikuwa na majina. Za baada yake nyingi hazikuwa na kitu, na sura nyingine hata mimi nilikuwa nimezisahau. Niliona aibu. Lakini picha ya Bibi tuliipata upesi. Nyuma yake mlikuwa na jina lake, jina la mama yake, Newala, 1984.

Sisi ukoo wetu tunauhesabu kwa upande wa mama. Hata hivyo jina la mama yake Bibi hakuna aliyelikumbuka tena. Wasichana walilisoma kwa sauti, mara ya kwanza na mara ya pili. Miezi miwili baadaye nilipata habari kwamba mtoto amezaliwa, ni wa kike, naye amepewa jina hilo.

SIMU ILIYOANGUKA MAJINI

Sasa nitasema kosa langu. Miaka ya karibuni wanangu walininunulia simu yenye kamera. Niliacha kutumia filamu. Kwa simu nilipiga picha mia kwa siku. Nilimpiga mke wangu akipepeta mchele, akilisha bata, akilala kivulini. Nilisema, nitazisafisha siku moja.

Mwaka 2021 mke wangu aliugua akafariki. Baada ya msiba simu iliniponyoka, ikaanguka ndani ya ndoo ya maji. Fundi alijaribu, akashindwa. Picha zote zilikuwa humo tu. Kwa hiyo nina picha ya mke wangu akiwa kijana, na mtoto mgongoni. Ya mwaka wake wa mwisho sina hata moja.

FANYA HIVI

Ndugu msomaji, siku hizi karibu kila nyumba ina picha. Chagua zilizo muhimu, hata tano tu kwa mwaka. Zipeleke zikachapwe kwenye karatasi. Ilaze picha kifudifudi juu ya kitambaa. Andika nyuma kwa penseli laini, bila kukandamiza: jina la mtu, jina la mama yake au baba yake, mahali na mwaka. Weka picha ndani ya kopo kavu, mbali na mchwa na unyevu.

Kama una mzee nyumbani, usingoje. Mpelekee picha za zamani leo, umwulize, "Huyu ni nani?" Andika anachokujibu.

Mimi kila Jumapili ninakaa na mjukuu wangu wa darasa la tatu. Ninafungua kopo. Mimi ninataja majina, yeye anaandika. Tumefika picha ya 140.